Mbu wa Michenga, Digrii ya Wageningen

Mimi nina malalamiko, na malalamiko yenyewe yanaanzia miguuni.

Miguu hii ninayotembelea, ambayo mke wangu hairuhusu ipande kitandani kabla haijapita kwenye beseni, iliwahi kuitumikia sayansi. Enzi za ujana wangu watafiti wa mbu pale Ifakara walikuwa wakitafuta vijana wa kukesha nje, suruali zimekunjwa hadi magotini, tochi mkono huu, mrija mkono ule. Mbu akitua kwenye ugoko unamvuta kwa mrija kabla hajazamisha mdomo, unamtia kwenye kikombe, unamsubiri mwenzake. Kazi ndiyo hiyo: kukaa na kutuliwa. Tulipimwa damu, tukapewa dawa, asubuhi posho mkononi. Nilikuwa naringa mtaa mzima, maana wenzangu walikuwa wanang'atwa bure.

Sasa miaka imekatika, magoti yameanza kulia, anakuja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ananiamkia vizuri, anavuta kigoda, anasema amepata nafasi ya kwenda Uholanzi kuchukua shahada ya pili.

"Hongera, mama. Unakwenda kusomea nini?"

"Mbu, Mjomba."

"Mbu wa wapi?"

"Wa huku kwetu."

Nikamtazama. Mtoto kazaliwa Michenga, kakulia Michenga, mbu wa Michenga wanamfahamu tangu ananyonya. Katika bonde hili la Kilombero, mpunga ukishapandwa na maji yakishatuama, sijasikia kaya inayolalamikia uhaba wa mbu. Halafu mtu apande ndege usiku kucha akamsome mbu huyo huyo kwenye nchi ambayo tangu mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani limeitangaza kwamba haina malaria. Maana na wao walikuwa nayo, msidhani. Kwenye vinamasi vyao vya pwani watu walitetemeka na kupandwa na homa vizuri tu, mpaka wakaitokomeza. Ya kwao imekwisha, sasa wanaisoma ya kwetu.

"Kwa nini wasije wakufundishie hapa uani?" nikamwuliza. "Kiti kipo, mbu wapo, na mimi jioni sina kazi."

Akacheka, akasema darasa liko Wageningen. Wageningen, alivyonieleza, ni mji mdogo kando ya mto Rhine, na chuo chake tangu 1918 kinashughulika na kilimo, chakula na viumbe vinavyosumbua vyote viwili. Mji mdogo, kando ya mto, umejaa wakulima na wadudu. Nikamwambia, mwanangu, huo ni Ifakara. Tofauti ni nauli.

Kabla ya nauli lakini kulikuwa na makaratasi, na ni makaratasi hayo yaliyonifanya nimfahamu Mholanzi kabla sijamwona. Kwanza Kiingereza. Huyu mtoto kafundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, mitihani yote kafanya kwa Kiingereza, digrii ya kwanza kaipata kwa Kiingereza, nadhani hata kuota alishaanza kuota kwa Kiingereza. Wakamwambia alete cheti cha kuthibitisha kwamba Kiingereza anakijua. Mtihani wenyewe si wa bei ya Michenga, na kuufanya ni mpaka ufunge safari. Halafu matokeo yake yanaisha nguvu baada ya miaka 2. Hapo ndipo waliponiacha. Kwamba Kiingereza kikikaa miaka 2 kinachacha? Mimi nilichofundishwa darasa la tano ninacho mpaka leo, chote, na hakijapungua, kwa sababu kilikuwa kidogo.

Halafu cheti cha kuzaliwa. Mpwa wangu alizaliwa nyumbani, mkunga akiwa bibi yake, masika imepamba moto. Cheti cha mtu wa namna hiyo kinatafutwa kwa barua ya serikali ya mtaa, kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa pembeni, na shahidi. Shahidi nikawa mimi. Ofisa mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado nina shida za kupeleka kwake, akaniuliza nina uhakika gani na tarehe. Nikamwambia nina uhakika, siku hiyo maji yaliingia jikoni na kuku walilala darini. Akaniuliza kama nina maandishi ya hao kuku.

Cheti kikapatikana. Mnadhani tumemaliza? Kikapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kikagongwe muhuri wa kuthibitisha kwamba ni cheti kweli, kikatoka hapo kikaenda ubalozi wa Uholanzi ukathibitishe kwamba muhuri wa wizara ni muhuri kweli. Wa kuthibitisha muhuri wa ubalozi hakupatikana, ndiyo maana safari ikawezekana. Na alipofika kule wakampeleka kwenye kipimo cha kifua kikuu, wajue kama kuna kingine alichobeba kutoka kwetu zaidi ya mchele.

Sasa fedha. Kwenye fedha naomba mkae vizuri.

Chuoni kwao kuna ada mbili. Mtoto wa Umoja wa Ulaya, kwa mwaka wa masomo 2024/25, alilipa yuro 2,530, kwa sababu serikali inamchangia. Mtoto wa Michenga, kwa shahada ya pili kwenye chuo kama hicho, alikadiriwa karibu yuro 20,000. Dawati lile lile, mwalimu yule yule, dirisha moja la kutazamia mvua. Na kama anajilipia mwenyewe, kabla hajapewa kibali anatakiwa aonyeshe kwamba fedha ya kula na kulala anayo: zaidi ya yuro 1,100 kwa kila mwezi atakaoishi kule. Kufanya kazi anaruhusiwa, ila saa 16 kwa wiki, au amalize hamu yake miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mwajiri kwanza amwombee kibali.

Mimi fedha nikiambiwa kwa yuro sisikii vizuri, kwa hiyo nikachukua kalamu nikaigeuza mpunga. Yuro 20,000 ni shilingi milioni 50 na ushei. Gunia nikaliuza elfu 80, bei ya mtu asiye na haraka. Nikapata magunia zaidi ya 600. Kwa mwaka mmoja! Shamba langu, mwaka ambao kwelea kwelea hawakunifuatilia na mto Lumemo haukukata kona kupitia kwangu, halijawahi kunipa hata robo ya hayo. Kumbe kumlipia mtoto mmoja akamsome mbu, inabidi bonde lilime mpunga mwingi kiasi kwamba mbu wenyewe watazaliana mara dufu. Nilimweleza mpwa wangu hoja hii. Akaniambia ni hoja nzuri, ila haina data.

Bahati nzuri yeye alipata udhamini wa serikali ya Uholanzi yenyewe, kwenye ule mpango wa Orange Knowledge ulioanza 2017. Ukalipa ada, ukalipa nauli, ukampa na posho. Hapo sina neno, asante yao nimeitoa na kanisani niliisema. Lakini kijana wa jirani naye alijiandaa, akafanya huo mtihani wa Kiingereza kinachochacha, akakubaliwa na chuo. Alipogeuka kutafuta mdhamini, mpango umeshafunga mlango. Barua yake ya kukubaliwa baba yake kaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, pembeni ya kalenda ya parokia. Wageni wakija wanasomewa. Na nilisikia bungeni kwao walikuwa wakibishana jinsi ya kupunguza wanafunzi wa kigeni na kurudisha masomo kwenye Kiholanzi. Yaani umalize kuthibitisha Kiingereza, halafu wenyewe ndio wawe wamekichoka.

Basi mtoto akaondoka, na simu zikaanza.

Simu ya kwanza ninayoikumbuka ni ya matokeo. Dada yangu alikuwa ameshamfunga jogoo miguu, amemlaza kivulini, tunasubiri habari tu.

"Shikamoo Mjomba. Nimepata 7."

"Marahaba. Saba kati ya ngapi?"

"Kati ya 10."

Pakawa kimya. Dada yangu akanitazama, akainuka, akaenda kumfungua jogoo. Sisi wa umri huu tumechapwa kwa tatu zilizopungua. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anasema swali moja, fimbo moja, na mkopo hatoi. Ikabidi mtoto atueleze kwa dakika nyingi, tena kwa fedha yake, kwamba kule 6 umefaulu, 7 ni vizuri, 8 unawapigia wazazi, 9 inaonekana kwa nadra, na 10 haipewi mtu. Sasa kama haipewi mtu waliiweka ya nini? Si wangeishia 8 tukajua moja? Lakini jogoo akakamatwa upya. Safari hii alituhangaisha, maana alishaelewa.

Habari ya pili ilimuumiza zaidi dada yangu. Profesa kule anaitwa jina lake. Hivi hivi tu, la kubatizwa. Hakuna "Profesa", hakuna "Mzee", hata "ndugu" hakuna.

"Kwani hana watoto?" dada akauliza, "wakamwita Baba fulani?"

"Anao, mama. Ila na wao wanamwita jina lake."

Dada akaomba tubadilishe mazungumzo.

Profesa huyo mvua inanyesha anakuja na baiskeli. Si kwamba gari hana. Na hata waziri mkuu wao, Mark Rutte, aliyekaa madarakani tangu 2010 hadi 2024, alijulikana kwa kwenda kazini kwa baiskeli. Hili liliniingia. Ifakara yetu ni tambarare, ni mji wa baiskeli tangu zamani, wakubwa kwa wadogo tuliendesha. Ila tangu bodaboda zishike mji, ukionekana juu ya baiskeli watu wanakuuliza mavuno yalikuwaje. Mimi Phoenix yangu nimeitunza, nabebea gunia zima la mpunga kutoka shambani mpaka mashineni, watoto wananipigia kelele njia nzima. Kumbe kosa langu ni bara. Ningezaliwa kule, na baiskeli hii na umri huu, ningekuwa na idara.

Kuhusu chakula sisemi sana. Mchana ni mkate na jibini, baridi, mtu anakula huku anaandika, na wengine juu ya mkate wanamwagia punje za chokoleti, watu wazima. Kwenye jiko la hosteli kila yai limeandikwa jina la mwenyewe. Lakini la biskuti lazima niliseme. Alialikwa nyumbani kwa mtu, mwaliko umetolewa wiki mbili kabla, ukaandikwa kwenye kalenda. Kafika, kapewa kahawa, bati la biskuti likafunguliwa, likazungushwa, kila mtu akachukua moja. Bati likafungwa. Likarudishwa kabatini. Dada yangu aliposikia alishika kifua. "Jamani wana njaa?" Tangu siku hiyo kila mtoto anaporudi masomoni anabebeshwa mchele wa Kilombero kwenye begi, ule wa kunukia, na maelekezo kwamba jirani asilale na njaa.

Na mngemsikia anavyosimulia maji. Robo hivi ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, wanalima na kulala humo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta ikaua watu 1,836 nchini kwao, na kutoka hapo wakajenga mabwawa, milango na kuta za kuizuia, na mwaka 1957 kule Delft wakaanzisha na shule ya kuwafundisha wageni elimu ya maji. Watanzania wamepita hapo wengi. Lakini kilichonishangaza ni kwamba wana mabaraza ya maji, na wajumbe wake wanapigiwa kura na wananchi. Uchaguzi wa maji! Sisi hapa masika yakifika Lumemo haiombi kura. Inapita bila kupingwa.

Turudi miguuni, maana hapo ndipo ninapodai.

Siku moja mpwa wangu kanieleza kwa nini Wageningen hasa, na kwa nini si kwingine. Miaka ya 1990 wataalamu wa pale walimkalisha mtu kwenye kiti, amevuliwa nguo, wakamfungulia mbu wa malaria kutoka Afrika, wakaanza kuhesabu wanapotua. Wengi walikimbilia miguuni. Wakamwosha miguu kwa sabuni, mbu wakapotea dira. Wakagundua kwamba kuna jibini moja linalonuka vibaya, linaitwa Limburger, na bakteria wanaolipa harufu hiyo ni ukoo mmoja na wale wanaoishi katikati ya vidole vya miguu. Mbu aina ya Anopheles gambiae, ukimwekea jibini hilo na mguu wa binadamu, anavutwa na vyote sawasawa. Bart Knols na Ruurd de Jong walipewa tuzo kwa ajili hiyo mwaka 2006, ile ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Mnaona lakini? Mtu kakaa kwenye kiti, mbu wamemjia miguuni, kapata tuzo. Mimi nimekaa kwenye kiti kile kile, mbu wale wale, miguu ya daraja la juu zaidi ukimwuliza mke wangu, nimepata posho ya kununulia mafuta ya taa.

Wala si mbali. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi yetu ya afya hapa Ifakara, akiwemo Fredros Okumu, walichapisha matokeo kutoka Lupiro, ng'ambo ya mto kule Ulanga. Walichanganya dawa yenye harufu ya mtu, wakaitia kwenye kibanda kimoja, kibanda kingine kikalaliwa na mtu, na ile dawa ikaita mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya yule mtu. Mwaka uliofuata Okumu akapewa fedha na wafadhili wa Kanada pamoja na taasisi ya Gates, dola 775,000, ya kuendeleza mitego ya nje ya nyumba, na moja ya vivutio vya mitego hiyo ni soksi zilizovaliwa. Soksi chafu! Mimi soksi zangu mke wangu huzitoa nje kwa kijiti. Fedha yote hiyo imekuwa ikining'inia kwenye kamba ya nguo uani kwangu na hakuna aliyenishtua.

Mpwa wangu alipokuja likizo akaleta hilo jibini, eti tuone wenyewe. Lilikuwa limefungwa kwenye karatasi, juu yake mfuko wa nailoni, juu yake mfuko mwingine, na bado tangu mlangoni paka alikuwa ameshabadilisha makazi. Dada akalifungua juu ya meza ya jikoni. Kipande cha mraba, ngozi yake ina rangi ya machungwa, kinateleza kidogo. Jikoni tulikuwa watu wengi, wazima kwa watoto, na harufu ilipotoka hakuna aliyelitazama jibini. Wote, kama walioambizana, waliinamisha vichwa wakatazama miguu yangu.

Nilikuwa nimevaa viatu.

Mtoto akachukua kisu, akakata, akapaka kwenye mkate, akala huku anatutazama. Bibi yake alionja kidogo kwa ncha ya ulimi akasema anakumbuka ladha hiyo, ila hakumbuki ilikuwa ugonjwa gani. Jioni tukaliweka kwenye sahani pale uani, mimi nikakaa upande wa pili na ndala, tuone. Mbu walipokuja waligawana. Siwezi kusema lilinishinda, wala siwezi kusema nililishinda.

Halafu akapata nafasi ya shahada ya uzamivu, kwa ule mtindo wa Wageningen ambao unaanza kule, unarudishwa kwenu kukusanya takwimu, halafu unaitwa tena kwenda kuandika. Kukusanya wapi? Michenga, na vijiji vya jirani. Nikasema si niliwaambia? Yaani kaenda Ulaya kuchukua ruhusa ya kukaa kwetu.

Lakini aliyerudi si yule tuliyemsindikiza. Nyumba yao na yangu zinatenganishwa na mwembe. Akanitumia ujumbe: "Shikamoo Mjomba. Je, Alhamisi saa 10 jioni una nafasi?" Tangu lini mtu akaomba nafasi ya kumwona mjomba wake? Nafasi ninayo tangu nizaliwe. Akala kwetu, mke wangu akamwuliza chakula kikoje, ili aambiwe kitamu, na yeye akasema, "Kizuri, Anti, ila chumvi imezidi." Eti kule wanasema ukweli. Chumvi ilikuwa imezidi kweli, hata mimi nimeijua miaka yote, lakini mimi nina akili ya kuishi na watu. Ukimya uliofuata nilikaa nao mimi, siku nzima, mgeni ameshaondoka.

Alhamisi saa 10 kamili, si saa 10 na dakika moja, akafika na fomu. Mimi mjomba wake ninatakiwa nitoe ridhaa ya kushiriki utafiti. Akanisomea yote, neno kwa neno. "Una haki ya kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na hutapoteza chochote."

"Kujitoa kwenye nini?" nikamwuliza. "Kwenye ujomba?"

Akasema kwenye utafiti. Nikatia sahihi. Akanipa namba, akasema kuanzia sasa kwenye maandishi mimi si Mjomba, ni kaya namba fulani, ili nisitambulike. Mtego ukafungwa chini ya dari la kibaraza changu na mwingine uani. Walipohesabu, uani kwangu ndipo palipokuwa na mbu wengi kuliko sehemu zote za mtaa ule. Nilitaka litangazwe. Akasema haiwezekani, ni siri ya mshiriki. Kitu pekee ambacho nimewahi kuwa wa kwanza Michenga, na sheria inanikataza kujulikana.

Siku ya kutetea tasnifu tulikusanyika kwa dada, simu imeegeshwa kwenye sufuria. Kamati ya sherehe ilitaka vitenge vya sare na mshereheshaji; akatuandikia kwamba shughuli yote ya maswali ni dakika 45. Tukadhani ni utani. Sherehe zetu dakika 45 ni za kutafuta ufunguo wa ukumbi. Lakini kweli: maprofesa wakaingia wamevaa majoho na kofia, kwa mstari, mtoto kasimama mbele, nyuma yake wapambe wawili wamevalia, na saa ikaanza kwenda.

Sasa kuna jambo halikuwa kwenye mkataba wangu na sayansi. Kule tasnifu inaambatana na orodha fupi ya hoja ambazo mwandishi anatakiwa awe tayari kuzitetea. Nyingine hazihusu hata alichokisomea, na desturi ni kwamba moja iwe ya kuchangamsha. Profesa mmoja, mama mwenye miwani, akaiacha malaria yote ile akaichagua hiyo. Mpwa wangu akaisoma, na baadaye akatutafsiria kwa ujumbe: "Mjomba anayekaa nje bila kujifunika hadi saa nne usiku huku akilalamikia mbu, ni sehemu ya mzunguko wa malaria."

Mama mwenye miwani akauliza ushahidi uko wapi. Mtoto akajibu bila kusita: "Nilifunga mtego uani kwake."

Maprofesa wakacheka, kofia zikatikisika. Dada yangu akacheka. Mke wangu, aliyeapa kwamba bado ana kinyongo cha chumvi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mimi nikainuka, nimeshasafisha koo, niwajibu kwa utaratibu: kwamba ndani ni joto, kwamba redio haishiki ndani, kwamba mbu aina ya funestus anauma hata ndani na watu wanajua, na kwamba kaya namba fulani haikupewa nafasi ya kusikilizwa. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, mtu wa joho akaingia na fimbo ndefu, akagonga sakafu, akasema kwa Kilatini kwamba saa imefika. Hakuna hata dakika za nyongeza. Maprofesa wakatoka, mdomo wangu ukiwa bado wazi.

Jioni nikampigia kumpongeza, maana daktari ni daktari. Nikamwuliza swali moja tu: hicho cheti cha udaktari nacho kinaisha nguvu baada ya miaka 2?

"Hapana, Mjomba. Hiki ni cha maisha."

Basi na jibu langu halina haraka. Akija Desemba atanikuta uani, saa nne usiku, na sitakuwa nimejifunika.